Mbwa Anapoanguka: Ugonjwa Uliotoka Kwenye Unga

Leo tunazungumza kuhusu mbwa wa nyumbani anayeanguka na kutetemeka, na najua tayari kuna anayeuliza: kipindi cha afya na mbwa wapi na wapi? Mama, mbwa akianguka uani, wa kwanza kumkimbilia ni mtoto. Wa pili mara nyingi ni jirani mwenye rungu, anapiga kelele kwamba huyo ana kichaa.

Swali la kinachomwangusha mnyama ni la zamani sana. Yapata miaka 400 kabla ya Kristo, katika vitabu vya madaktari wa Ugiriki vinavyohusishwa na jina la Hippocrates, kuna kimoja kinachozungumzia kifafa. Wakati huo watu waliamini kwamba kifafa huletwa na miungu. Mwandishi alikataa, akasema kinatoka kwenye ubongo. Ushahidi wake ulikuwa mbuzi: pasua kichwa cha mbuzi mwenye ugonjwa huo, alisema, utaona ubongo umejaa maji. Si yote aliyoandika yaliyokuwa sahihi, lakini hoja yake naipenda mpaka leo. Mbuzi amemkosea mungu gani?

Sasa sikiliza kisa cha mkate. Kuanzia miaka ya 1920, Marekani na baadaye Uingereza, mbwa walipatwa na ugonjwa wa ajabu. Mbwa mzima, amekula na kushiba, ghafla anaanza kukimbia huku na huku akibweka, kana kwamba anafukuzwa na kitu ambacho watu hawakioni. Anajigonga ukutani, kisha anaanguka na kukakamaa. Wengine waliuita ugonjwa wa hofu. Waliolaumiwa walikuwa wengi: minyoo, wadudu wa masikioni, virusi, ukosefu wa vitamini.

Aliyefumbua fumbo hilo ni daktari Mwingereza, Edward Mellanby. Huenda humjui kwa jina, lakini kazi yake imefika kliniki yako. Ni yeye ambaye, karibu na mwaka wa 1919, alitumia watoto wa mbwa kuonyesha kwamba matege yanahusiana na chakula, na kwamba mafuta ya ini la samaki huyazuia. Basi aliyazoea mambo ya mbwa na chakula. Mnamo Desemba 1946 alichapisha matokeo yake: ugonjwa wa hofu ulitoka kwenye unga wa ngano.

Unga uliosagwa karibuni huwa na rangi ya manjano kidogo, na zamani uliwekwa kwa wiki kadhaa hadi uwe mweupe na ufae kwa mkate. Wenye vinu hawakutaka kungoja. Walipitisha ndani ya unga gesi iliyoitwa Agene, ukawa mweupe mara moja. Mellanby aliwalisha mbwa unga uliopitishwa gesi hiyo, wakaanza kukimbia na kuanguka. Waliolishwa unga uleule bila gesi walibaki wazima. Baadaye wanasayansi waligundua kwamba gesi ilikuwa ikibadilisha sehemu ya protini ya ngano kuwa sumu ya ubongo wa mbwa. Watu waliolishwa unga huo kwa majaribio hawakuanguka, lakini nani angependa kuendelea kuwapa watoto mkate wa namna hiyo? Marekani iliipiga marufuku gesi hiyo mwaka wa 1949, na Uingereza ikaacha kuitumia mwishoni mwa 1955.

Kwa hiyo mbwa wako akianguka, jiulize kwanza alichojiuliza Mellanby: amekula nini? Hapa kwetu gesi ile haipo, lakini kuna sumu ya panya, dawa ya kunyunyizia mboga, na dawa ya kupe iliyoachwa kwenye ndoo karibu na zizi. Kumbuka kwamba ndoo anayoifikia mbwa, mtoto anayetambaa anaifikia pia. Sumu si chanzo pekee. Kuna mbwa waliozaliwa na kifafa, kuna wadogo walioishiwa sukari mwilini kwa minyoo na njaa, na kuna ugonjwa wa virusi unaoitwa distempa, ambao una chanjo.

Kifafa chenyewe utakitambua hivi. Kabla ya kuanguka huenda mbwa akahangaika au akakung'ang'ania. Kisha analala ubavu, miguu inapiga kama anayeogelea, meno yanagongana, mate na povu vinatoka, na pengine anajikojolea. Akiamka huyumba, hakutambui, au hutaka kula kila kitu. Baada ya muda hurudi kama kawaida.

Ondoa watoto kwanza. Sogeza viti na jiko. Zima kelele, hata redio hii tutakusamehe. Usimtie mkono wala kijiko mdomoni, hatameza ulimi, ila atakuuma bila kujua. Usimmiminie maziwa, yataingia kwenye mapafu. Tazama saa. Ikipita dakika 5, au akianguka mara mbili siku moja, au ukishuku sumu, mpeleke kwa daktari wa mifugo bila kungoja.

Na kichaa? Jirani hana makosa kuogopa. Kichaa cha mbwa kimerekodiwa nchini mwetu tangu mwaka wa 1912, na mpango wa serikali uliozinduliwa 2014 unalenga kukimaliza ifikapo 2030. Mbwa mwenye kichaa harudi kuwa mzima. Tabia hubadilika, sauti hubadilika, taya hulegea, hushindwa kumeza, huuma ovyo, na hufa katika siku chache. Mbwa asiye na chanjo akionyesha dalili hizo, usimguse, wala usiguse mate yake. Mfungie na uite daktari wa mifugo. Mtoto akiumwa au akikwaruzwa, osha kidonda kwa sabuni na maji mengi dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo.

Mwaka huohuo wa 1912, huko Ujerumani, daktari kijana Alfred Hauptmann aliwapa wagonjwa wake dawa ya usingizi, fenobabitali, akaona kifafa chao kinapungua. Dawa hiyo bado hutumika kwa watu, na kwa mbwa pia. Lakini usichukue vidonge vya mtoto ukampa mbwa: kipimo si kimoja, na mtoto akikatizwa dawa ghafla anaweza kuanguka vibaya kuliko mwanzo. Daktari wa mifugo atampa mbwa wake.

Ukiwa na swali, tuandikie. Hadi wiki ijayo, kwaheri.