Vidonda vya Tumbo: Tiba ya Kihindi Ilivyofika Baghdad



Wengi wetu tukisikia dawa za Kihindi hudhani ni mambo ya Wahindi wenyewe, hayatuhusu. Historia inasema vingine. Tuitazame kwa ugonjwa mmoja unaosumbua nyumba nyingi, nao ni vidonda vya tumbo.

Elimu ya tiba ya Bara Hindi huitwa Ayurveda, maana yake elimu ya maisha. Yapata mwaka 700, tabibu Madhava aliandika kitabu cha kutambua magonjwa. Humo alieleza maumivu ya tumbo yanayokuja wakati chakula kinasagika, na mgonjwa wa leo angejitambua katika maelezo hayo. Matabibu hao waliona kuwa joto na ukali vimezidi mwilini, hivyo tiba yao ilikuwa kupoza. Mgonjwa aliambiwa aache pilipili na vitu vikali, atumie maziwa, samli na mizizi. Mzizi mmoja waliuita yashtimadhu, yaani kijiti kitamu. Waarabu huuita sus.

Elimu hiyo haikubaki kwao. Zama za Khalifa Harun Rashid (786–809), waziri wake Yahya bin Khalid al-Barmaki alimwamuru tabibu wa Kihindi, Manka, akifasiri kitabu cha Sushruta kwa Kiarabu. Kisha mwaka 850 Ali bin Rabban at-Tabari alikamilisha kitabu chake Firdaws al-Hikma, na sehemu ya mwisho akaitenga kwa tiba ya Kihindi. Waislamu hao hawakuona aibu kujifunza kwa wengine.

Mzizi ule nao uliendelea na safari. Mwaka 1946 daktari Revers wa Uholanzi aliandika kuwa unawasaidia wenye vidonda. Miaka ya 1960 Waingereza wakatengeneza kutokana nao dawa ya karbenoksoloni. Vidonda vilipona, lakini baadhi ya wagonjwa walipanda presha, wakavimba, na potasiamu ikapungua mwilini. Kwa hiyo mwenye presha au mja mzito asiutafune ovyo, ati kwa kuwa ni wa asili.

Mwaka 1982 Robin Warren na Barry Marshall, huko Perth, Australia, waligundua kijidudu Helicobacter pylori tumboni mwa wagonjwa. Mwaka 1984 Marshall alikinywa mwenyewe ili kuthibitisha madhara yake, na mwaka 2005 wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel. Ikajulikana kuwa vidonda vingi husababishwa na kijidudu hicho, au na dawa za maumivu kama aspirini na diklofenaki. Hata maziwa hutuliza kwa muda tu, kisha tumbo huzidi kutoa asidi.

Hapa ndipo familia zetu huumia: nafuu hudhaniwa kuwa ni kupona. Mgonjwa hunywa mizizi miaka, huku kidonda kinachimba. Mpelekeni akapimwe. Akikutwa na kijidudu, dawa za kukiua hutumiwa kwa wiki mbili hivi, nazo zimalizwe. Amweleze daktari mizizi anayotumia. Na anayetapika damu au kupata choo cheusi kama lami akimbizwe hospitali saa hiyo hiyo.

Wazee wetu wa Baghdad walipokea elimu popote ilipotoka. Nasi tuipokee ya maabara kama wao walivyoipokea ya Manka.