SASA!

SASA! ni mbinu ya kuwaandaa wanaharakati wa mtaani kuzuia ukatili dhidi ya wanawake na maambukizi ya VVU kwa njia ya mazungumzo. Iliandaliwa na Raising Voices, shirika lililoanzishwa Kampala, Uganda, mwaka 1999, na ikachapishwa mwaka 2008. Jina limeundwa na herufi za mwanzo za majina ya Kiingereza ya hatua zake nne: kuanza, kuelimishana, kusaidiana na kutenda.

Wanaofunzwa ni wakazi wa kawaida, wake kwa waume, wanaojitolea katika mitaa wanakoishi. Pamoja nao hufunzwa polisi, wahudumu wa afya, viongozi wa mtaa na akina ssenga, yaani mashangazi ambao kwa mila ya Baganda huwafunda wasichana mambo ya ndoa. Kuwaingiza ssenga kulikuwa uamuzi wa busara sana. Mwanamke aliyepigwa mara nyingi hupeleka shauri kwa jamaa kabla ya kufika kituo cha polisi, na shangazi akimwambia avumilie, kesi huishia hapo.

Mafunzo hayaanzi na ukatili, yanaanza na nguvu. Hatua ya kwanza huhusu nguvu iliyo ndani ya mtu. Ya pili, nguvu ya mmoja juu ya mwingine. Ya tatu, nguvu ya watu walioungana. Ya nne, nguvu ya kutenda. Mwanaharakati hutakiwa kwanza ajichunguze anavyotumia nguvu nyumbani kwake, na hapo ndipo penye uzito wa kazi yote, kwa kuwa majirani wanamjua.

Ufundi wenyewe ni wa kuuliza na kusikiliza. Mwanaharakati huonyesha mchoro, kisha huuliza: Mnaona nini hapa? Huyu mama anajisikiaje? Jirani angefanya nini? Hahubiri wala hatishii kwa sheria, ijapokuwa Uganda ina Sheria ya Ukatili wa Majumbani tangu 2010. Mazungumzo hayo hufanyika nyumba kwa nyumba, sokoni, kwenye mikutano, baada ya igizo au filamu.

Kati ya 2007 na 2012 mbinu hii ilipimwa katika maeneo manane ya Rubaga na Makindye, Kampala. Manne yalipata SASA!, manne yakasubiri. Kazi ya mitaani iliendeshwa na shirika la CEDOVIP, ambalo wanaharakati wake zaidi ya 400 walifanya shughuli zaidi ya 11,000. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014: katika maeneo yenye SASA!, kiwango cha wanawake waliopigwa na wenzi wao katika mwaka uliotangulia kilikuwa chini kwa asilimia 52. Nafuu hiyo haikuishia kwa waliohudhuria shughuli, maana maneno yalipita kutoka kwa mtu hadi mtu.

Toleo lililorekebishwa, SASA! Together, lilitoka mwaka 2020, na mbinu imeenea katika nchi nyingi. Wanaoiga hushawishika kufupisha, wakageuza kazi ya miaka kuwa semina ya siku mbili yenye fulana na kaulimbiu. Huko si kuitumia SASA! hata kidogo. Rwanda, mradi wa Indashyikirwa, uliochota kwenye SASA!, ulipunguza ukatili miongoni mwa wanandoa waliohudhuria mafunzo ya muda mrefu, lakini uanaharakati wake wa mitaani haukuonyesha upungufu kama huo kwa jamii nzima katika kipindi kilichopimwa.