Majira ya Kupanda Mlima Kenya

Majira ya kupanda Mlima Kenya ni vipindi vya mwaka ambapo watembezi na wakwea milima huuzuru mlima huo kwa wingi, hasa Januari na Februari, kisha Julai hadi Septemba, miezi ambayo kwa kawaida mvua yake ni haba. Mlima huu ni volkano iliyozimika, na vilele vyake mashuhuri ni Batian (mita 5,199), Nelion (mita 5,188) na Lenana (mita 4,985), ambacho kati ya hivyo vitatu ndicho pekee kinachofikiwa bila kamba. Safari huanzia Nyeri, Naro Moru na Nanyuki kwa upande wa magharibi, au Chogoria kwa upande wa mashariki.

Mabonde

Mabonde ya juu, yakiwemo Teleki, Mackinder, Hobley na Gorges, yalichongwa na barafuto, yaani mito ya barafu iteremkayo polepole, kama zilivyochongwa fiodi za Norwei, ambazo ni ghuba nyembamba zenye kuta ndefu zilizojaa maji ya bahari. Kwa kuwa hapa bahari iko mbali, mabonde yamehifadhi maziwa madogo tu, na lipendezalo kuliko yote ni Ziwa Michaelson, lililo chini ya jabali la Temple katika bonde la Gorges. Mtembezi wa Norwei husubiri theluji iyeyuke na mchana urefuke. Kwenye Mlima Kenya, ambao vilele vyake viko karibu sana na ikweta, urefu wa mchana haubadiliki sana, na kinachoamua safari ni mvua.

Mvua na ukavu

Mvua ya masika, ambayo Wakikuyu huiita mvua ya njahĩ, hunyesha kuanzia Machi hadi Mei au mapema Juni, na ya vuli, iitwayo mvua ya mwere, hunyesha kuanzia Oktoba hadi Desemba. Pepo zitokazo Bahari ya Hindi humwaga unyevu wake kwanza kwenye miteremko ya kusini-mashariki, hivyo njia ya Chogoria hulowa zaidi, ilhali njia ya Sirimon, iliyo karibu na Nanyuki, ndiyo kavu kuliko zote. Njia ya Naro Moru ni fupi, lakini juu ya kituo cha Met Station hupita katika kinamasi chenye mteremko mkali, ambacho wakati wa masika humeza buti hadi kifundoni.

Julai na Agosti huwa na baridi na mawingu mazito mjini Nyeri, ingawa juu ya mawingu hayo vilele vyaweza kuwa vyeupe kwa jua. Hata wakati wa kiangazi mawingu hupanda kabla ya adhuhuri, ndiyo maana waelekezi huwaamsha wageni saa nane au tisa usiku ili wafike Lenana jua linapochomoza. Usiku huo maji yaliyotuama katikati ya majani ya mmea wa lobelia huganda juu, na kuyeyuka tena asubuhi.

Historia ya kukwea

Batian kilifikiwa kwa mara ya kwanza tarehe 13 Septemba 1899 na Mwingereza Halford Mackinder, pamoja na waelekezi César Ollier na Joseph Brocherel. Kwa kuwa Septemba jua huwa bado halijaelemea kusini, walikuta barafu ngumu mno upande huo, na barafuto waliyoivuka kwa kukata ngazi kwa shoka ikaitwa Diamond. Eric Shipton na Percy Wyn-Harris walichagua Januari 1929, wakati jua linapoukausha uso wa kusini, wakawa wa kwanza kukwea Nelion kwa ustadi wa kupigiwa mfano. Tangu hapo kanuni imebaki ileile: kuta za kusini hukwewa kuanzia Desemba hadi Machi, na za kaskazini kuanzia Juni hadi Oktoba. Hata hivyo, Felice Benuzzi na mwenzake, wafungwa wa vita wa Kiitalia waliotoroka kambi ya Nanyuki mwanzoni mwa 1943, walirudishwa na dhoruba ya theluji kwenye Batian katikati ya kiangazi, kisha wakafika Lenana. Mkwea mlima Kisoi Munyao alipandisha bendera ya Kenya mlimani mwaka 1963. Wapagazi waliobeba mizigo ya misafara hiyo hawakuandikwa sana.

Wanyama

Pimbi, nyati na tembo huonekana mwaka mzima.

Hali ya sasa

Mlima ni hifadhi ya taifa tangu 1949 na Urithi wa Dunia tangu 1997, na husimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya, ambalo haliruhusu mtu kupanda peke yake. Barafuto zimepungua sana, na ile ya Gregory imetoweka. Ukavu nao huleta moto, kama ule mkubwa wa Machi 2012. Kwa mtembezi wa kawaida, wakati bora ni Januari na Februari, kupanda kwa njia ya Sirimon na kushuka kwa njia ya Chogoria.