Mvi, Kisu na Orodha ya Wajane: Upasuaji wa Urembo katika Mizani ya Imani ya Kikristo

Mwaka 1956, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, madaktari bingwa watatu wa upasuaji rekebishi, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, walikaa wakapanga namna ya kuwafikishia tiba watu wa vijijini Afrika Mashariki. Mwaka uliofuata mpango huo ukazaa huduma ya madaktari wa ndege ambayo leo tunaijua kwa jina la Amref. McIndoe alikuwa amepata sifa Uingereza kwa kuwatengenezea upya nyuso marubani walioungua katika Vita vya Pili vya Dunia. Rees naye alikuja kutajika New York kwa kukaza nyuso za watu wasiotaka kuonekana wamezeeka. Natanguliza historia hii kwa sababu hoja inayosikika zaidi makanisani, kwamba kisu kisiguse kazi ya mikono ya Mungu, haiwezi kusimama mbele yake. Ujuzi ni mmoja, na mara nyingine hata mikono ni ileile. Tukiifuata hoja hiyo mpaka mwisho, itabidi hospitali ya CCBRT pale Dar es Salaam imrudishe nyumbani mtoto mwenye mdomo sungura, na hakuna Mkristo mwenye akili timamu atakayelikubali hilo.

Papa Pio XII aliliona jambo hili mapema. Tarehe 4 Oktoba 1958, siku tano tu kabla ya kufariki dunia, aliwahutubia madaktari wa Italia wa fani hiyo. Aliwaambia kwamba uzuri wa mwili ni jema, ila si jema kuu kuliko yote, na kwamba upasuaji wa namna hii huwa halali au haramu kulingana na nia na mazingira yake. Msingi huo ni imara. Pungufu lake ni kwamba unauweka mzigo wote moyoni mwa mgonjwa, kana kwamba nia humzukia mtu akiwa peke yake. Nia hufundishwa. Mwanamke anayeuchukia uso wake akiwa na miaka 55 amefundishwa na watu kuuchukia, na baadhi ya waliomfundisha anasali nao kila Jumapili.

Swali la upasuaji wa urembo si geni tena kwetu. Tangu mwaka 2023 Hospitali ya Taifa Muhimbili, tawi la Mloganzila, inatoa huduma za kupunguza mafuta na kurekebisha maumbile. Nairobi, Oktoba 2024, mwanamke alifariki baada ya kufanyiwa upasuaji wa kuondoa mafuta katika kliniki ya binafsi, na kliniki hiyo ikafungwa. Hatari hizo ziko wazi, sina haja ya kuzirefusha. Wala siwaweki wote kapu moja. Mama aliyezaa watoto watano, misuli ya tumbo ikaachana, mgongo ukawa haumpi usingizi, akienda kushonwa anatafuta afya, na sioni haki ya mtu yeyote kumnyooshea kidole.

Kuficha umri ni jambo jingine, na ni vema tuone hasa kinachofanyika. Daktari huchana ngozi mbele ya sikio, akafuata ukingo wa nywele, akaibandua ngozi ya shavu, akakaza tishu zilizo chini yake, akakata ngozi iliyozidi na kushona. Mgonjwa hukaa wiki kadhaa akiwa amevimba. Kwa ngozi nyeusi kuna jambo la ziada: sisi ndio tunaoota makovu manene ya keloidi kwa urahisi zaidi, na eneo la sikio ni mojawapo ya sehemu yanapopenda kuota. Sindano za botoksi ni nyepesi zaidi. Hulegeza misuli ya paji la uso ili mikunjo isionekane, na baada ya miezi mitatu au minne mtu hurudi kuchomwa tena. Miaka haisimami hata siku moja katika hayo yote, kinachosimama ni habari zake tu usoni.

Mwafrika mwenzetu Agostino, askofu wa Hippo, analo neno hapa. Katika kitabu cha mwisho cha *Mji wa Mungu* anajiuliza miili itafufuka ikiwa na sura gani. Kasoro zitaondolewa, anasema, na viungo vilivyokatwa vitarudishwa. Hata umri anaukadiria kuwa wa utu uzima kamili, karibu na miaka 30. Msomaji aweza kusema basi Agostino naye anautukuza ujana. Lakini papo hapo anaongeza kwamba makovu ya wafiadini huenda yakabaki, nayo hayatakuwa dosari bali heshima. Sababu anayoitoa ni upendo tulio nao kwa wafiadini. Nasi tukumbuke Injili ya Yohana: Tomaso alimtambua Bwana mfufuka kwa majeraha yake. Basi mwili uliokombolewa haufutwi historia yake. Ngozi ya mama aliyewalea yatima wa ukoo mzima ina historia ya namna hiyo, na ingawa mikunjo yake si makovu ya mfiadini, imepatikana katika utumishi uleule.

Hata hivyo, tusiwe wakali pasipostahili. Mwalimu wa Kanisa la kale, Klementi wa Aleksandria, alikataza hata kupaka rangi mvi, nami nadhani alikaza kamba mno. Wachungaji wetu wanaopaka piko ndevuni kisha wakahubiri dhidi ya wanawake wanaojiremba wajipime kwanza.

Kanisa la mwanzo lilikuwa na kitu ambacho sisi tumekipoteza. Waraka wa kwanza kwa Timotheo, sura ya 5, unataja orodha ya wajane, na sharti la kuandikwa ni kuwa na umri usiopungua miaka 60 na ushuhuda wa matendo mema. Huko Kartago, zaidi ya karne moja baadaye, mwandishi wa Kikristo Tertuliano alilalamika kwa hasira kwamba mahali fulani binti ambaye hajafikisha miaka 20 ameingizwa katika daraja la wajane. Hebu tulitafakari lalamiko hilo. Palikuwa na nafasi ya heshima kanisani ambayo kijana hakustahili kwa kuwa ni kijana, na uzee ndio uliokuwa sifa ya kuipata.

Leo bibi wa umri huo tunamweka wapi? Kiti cha plastiki karibu na mlango, khanga na kilo mbili za sukari wakati wa Krismasi. Huo ni msaada, na msaada ni mwema, lakini si wadhifa. Mbele wanasimama vijana wa sifa na kuabudu, na kwenye bango la mkutano nyuso za mtumishi na mkewe zimelainishwa kwa kompyuta hadi hazina hata mstari mmoja. Mwanamke wa miaka 55 anayaona yote hayo, na anaelewa vizuri kinachomngoja. Kumkemea kwa sababu ya kisu, huku tukiacha mpangilio huo ulivyo, ni kumwonea.

Nawasihi basi maaskofu, mabaraza ya wazee, viongozi wa WAWATA (Wanawake Wakatoliki Tanzania) na wa vikundi vya akina mama vya makanisa yote: kabla hamjaandika waraka juu ya upasuaji wa urembo, waorodhesheni wanawake waliovuka miaka 60 katika kila jumuiya na kila mtaa. Wapeni kazi yenye jina: kuwafundisha wachumba, kusuluhisha ndoa, kuwasimamia wanaojiandaa kwa ubatizo. Na siku ya kuwasimika, majina yao yasomwe mbele ya kusanyiko zima, pamoja na umri wao.