Kanisa la Mkunazini

Msomaji, wewe ukaaye Migori au Homa Bay, nakuomba tusafiri pamoja toka ukingo wa Ziwa hata Mji Mkongwe wa Unguja, katika mtaa wa Mkunazini. Hapo katikati ya mji limesimama kanisa kuu la Waanglikana, liitwalo Kanisa la Kristo. Uwanja wake ulikuwa soko la watumwa.

Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash bin Said alitia sahihi mkataba na Waingereza, na soko likafungwa. Siku ya Krismasi ya mwaka ule ule jiwe la msingi likawekwa. Askofu Edward Steere ndiye aliyeusimamia ujenzi. Paa lilifanywa tao, kwa saruji na matumbawe. Wako waliobashiri kwamba litaanguka, nalo lipo hata leo. Wapokezi husema kuwa madhabahu iko pale pale palipokuwa na mti ambao watumwa walifungwa wakachapwa mijeledi. Steere alifariki mwaka 1882, akazikwa nyuma ya madhabahu hiyo.

Walakini usidhani kuwa utumwa nao ulizikwa hapo. Mkataba ulikataza masoko na kusafirisha watu baharini. Haukumwacha huru aliyekwisha kununuliwa. Watu walisali Mkunazini, na mashamba ya karafuu yakaendelea kulimwa na watumwa. Sheria ya Unguja iliacha kuutambua utumwa mwaka 1897, na hata hapo ilimpasa mtumwa aende mwenyewe kuomba uhuru wake, na fidia akalipwa bwana. Katika pwani ya Kenya sheria ya namna hiyo ilikuja mwaka 1907.

Je, hayo yakuhusuje wewe? Kiswahili usomacho shuleni kilijengwa juu ya lahaja ya mji ule, iliyochaguliwa katika mkutano wa Mombasa mwaka 1928. Na Steere alikuwa miongoni mwa waliotangulia kuiandikia sarufi. Lugha unayojibia mtihani ndiyo lugha aliyonadia dalali.

Basi utakapofika Mkunazini, usitazame paa peke yake. Hesabu na miaka. Mtoto aliyezaliwa mtumwa siku ya jiwe la msingi alikuwa na umri wa miaka 23 sheria ilipomruhusu kuomba kuwa huru.