Emotet Ilizikwa Aprili, Ikafufuka Novemba

Emotet ilianza 2014 ikiiba siri za benki. Januari 2021 polisi wa nchi nane, wakiwemo Wajerumani na Waholanzi, waliteka seva zake. Aprili ikafutwa kwenye kompyuta ilizoambukiza. Novemba hiyo hiyo ikarudi, imebebwa na TrickBot.

Sasa antivairasi ilikuwa wapi? Ilikuwepo, si ati ililala. Lakini hutegemea sana sura inayoijua, na Emotet ilibadilisha sura kila mara. Tena ilikuja kama jibu la barua pepe uliyoandika wewe mwenyewe, na faili ya Word ikikuomba uruhusu makro. Ukibonyeza, basi, mlango umeufungua wewe. Naona Microsoft ilisaidia zaidi 2022, ilipoanza kuzuia makro za faili zinazotoka intaneti. Machi 2023 Emotet ikaja na faili za OneNote.