Ya Ndani Yakipanda Jukwaani

Eti ya ndani hayatoki nje! Tanzania ilishatamka, kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya 1971, kwamba hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake. Lakini sheria humngoja mlalamikaji, naye mlalamikaji anaogopa aibu.

Penina Muhando alipita njia nyingine. Katika tamthilia yake Nguzo Mama (1982), Bi Msimulizi anatusimulia wanawake wa Patata wanaohangaika kuisimamisha nguzo, huku shida za majumbani zikiwarudisha nyuma. Naona ujanja mkubwa hapo: Patata ni kijiji cha kubuni, basi kila mtaa hujiona humo. Jirani hatajwi, ila wote tunamjua.

Wenzangu wa kalamu, tusimtaje mtu. Tukitaje kipigo.